Dawa ya Tusekile na Perege wa Ambakisye
Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, dawa za wadudu zilianza kuuzwa Tukuyu kwa kupimwa kwenye chupa za soda, bila lebo. Tusekile wa Suma alinyunyizia maharage yake mojawapo ya dawa hizo, akatapika hadi jioni. Akaamua kutengeneza ya kwake.

Alitwanga majani ya utupa, mmea unaoua wadudu, akayaloweka kwenye maji yenye sabuni kidogo, akachuja. Kwanza alijipaka mkononi, hakuwashwa. Akanyunyizia mchicha akawapa kuku. Walikula, na kesho yake wakataga. Alipoinyunyizia shambani, vidukari walikufa wote.

“Hii haina madhara,” alimwambia mumewe, Ambakisye, huku akisuuza ndoo mferejini.

Mfereji ule uliingia kwenye bwawa la samaki la Ambakisye. Asubuhi perege wote walikuwa wanaelea, matumbo juu. Ambakisye akamwita mkewe.

“Mama Lusajo, ulipokuwa unajaribu, samaki nao uliwauliza?”

“Sikuwauliza,” alijibu Tusekile, akaona haya.

Dawa hakuiacha, maana haikumtapisha mtu. Ila kila jirani aliyekuja kuiomba, alimuuliza kwanza maji ya shamba lake yanaelekea wapi.