Serafina Amwachisha Mjukuu Chupa

Serafina wa Lumemo ana miaka hamsini na minane, na sijawahi kumsikia akitoa visingizio. Binti yake wa mwisho, Devota, alipata mimba akiwa kidato cha pili. Serafina hakumficha ndani, wala hakumtetea mbele za watu. Alimwambia, "Umekosea. Utazaa, utanyonyesha, kisha utarudi darasani." Ikawa hivyo. Januari, mtoto wake wa kike, Teddy, akiwa na miezi minane, Devota alirudi shule ya bweni, na mtoto akabaki kwa bibi akinywa maziwa kwa chupa.

Wapo wazazi siku hizi wanaomtumbukizia mtoto chupa mdomoni ili anyamaze, wao waendelee na simu. Serafina si wa kundi hilo. Chupa aliishika kwa mkono wake, mtoto akiwa mapajani, na aliichemsha kila mara kabla ya kuijaza. Lakini alijua kwamba mwezi wa nne unakuja.

Ana ekari mbili za mpunga bondeni, ng'ambo ya Mto Kilombero, saa mbili kwa miguu ukishavuka daraja la Kivukoni. Mpunga huo ndio chakula cha nyumba, na ndio unaomweka Devota shuleni. Masuke yakitoka, mwenye shamba hana budi kuhamia huko na kukaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya maji, akifukuza ndege tangu alfajiri hadi jua linapozama. Mumewe alikuwa akiifanya kazi hiyo. Tangu afariki, anaifanya Serafina.

Teddy ilibidi aende naye. Maziwa hayakuwa shida, kwani kuna mfugaji karibu na shamba. Shida ilikuwa chupa. Kule kuni zimelowa, na maji ya kunywa huchotwa dimbwini, yakachemshwa sufuria moja kwa siku. Msimu uliopita mtoto wa dungu la jirani, mnywaji wa chupa, aliharisha mpaka macho yakadidimia. Walimkimbiza kwa mtumbwi. Alipona, lakini Serafina aliuona uso wa mama wa mtoto yule siku ile.

Akaenda zahanati kumwona nesi Wilhelmina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka huyu aache chupa kabla sijahamia shamba."

"Mwanzishie kikombe. Kikombe unakiosha kwa sabuni, kinakauka juani, basi. Ile chuchu ina kona nyingi, uchafu unajificha. Mkalishe wima, maziwa yaguse mdomo, avute mwenyewe. Usimmiminie, atapaliwa. Anza na chupa moja ya mchana. Akizoea, ondoa nyingine. Ya kulalia iwe ya mwisho."

Serafina aliyashika yote. Nyumbani akachukua kikombe kidogo cha plastiki, cha kijani, kilicholingana na mdomo wa mtoto, akatia maziwa vidole viwili. Teddy alikitazama, akafumba midomo, akageuza uso ukutani. Mara ya pili alikipiga teke. Mara ya tatu alilia kabla hakijamfikia.

Siku saba zikapita hivyo. Jirani yake, Mariana, alikuwa akichungulia juu ya ua.

"Bibi Teddy, mwache mtoto! Leo kikombe, kesho atadai kata ya pombe, ya komoni!"

"Akidai, nitamleta kwako, maana ndiko inakopatikana."

Mariana alicheka mpaka akashika ua. Serafina hakucheka sana. Siku ya tano alikuwa ametia sukari, na hata hiyo Teddy aliitema. Yeye mwenyewe alinisimulia habari ya sukari hiyo bila kuulizwa, kama mtu anayeungama.

Shemeji yake, Fulgensi, ambaye shamba lake linapakana na lake, alikuja Ijumaa na baiskeli kupanga safari.

"Jumatatu tunaondoka, shemeji. Ndege wameshaanza kushuka."

"Mtoto bado."

"Bebeni na chupa yenu, twende."

"Chupa haivuki daraja, Fulgensi."

"Basi Devota aje akae naye, hata mwezi mmoja."

"Devota hatoki darasani kwa sababu bibi kashindwa na kikombe."

Fulgensi alitikisa kichwa, akapanda baiskeli yake.

Jumamosi asubuhi Serafina alikaa kwenye mkeka na kikombe chake cha bati chenye ukingo wa bluu, akinywa chai ya mchaichai iliyokwisha kupoa. Teddy alitambaa, akashika goti la bibi, akasimama. Akapiga kile kikombe kwa kiganja. Akafungua mdomo.

Hapo Serafina akakumbuka. Februari Teddy aliugua malaria. Siku tatu, asubuhi na jioni, alishikwa mikono na kunyweshwa dawa iliyoyeyushwa, chungu kupita kiasi. Aliinyweshwa kwa kikombe kile cha kijani. Hajawahi kuona mtu akinywa kitu kizuri kwa kikombe hicho. Kumbe mtoto hakuwa mkaidi. Alikuwa na kumbukumbu.

"Nisamehe, mke mwenzangu," Serafina akamwambia. "Siku saba nakuletea dawa."

Nimeishi na kufanya kazi na watu wengi, wenye elimu na wasio nayo, na wanaoweza kumwomba radhi mtoto wa miezi kumi na moja ni wachache mno. Wengi huona ni kujishusha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mtu mzima anapojulikana.

Alimwaga chai, akakisuuza kikombe cha bati kwa maji ya moto, akatia maziwa. Akagusisha ukingo kwenye mdomo wa mtoto, akasubiri. Teddy alivuta. Nusu ilimwagikia kifuani, nusu ikaingia. Akaguna akitaka tena. Hadi Jumapili jioni chupa za mchana zote zilikuwa zimeondoka.

Ilibaki ya kulalia, na hiyo ilikuwa ngumu. Jumatatu Fulgensi alipokuja na mizigo, Serafina alimwambia atangulie.

"Ndege watakumalizia shamba!"

"Fukuza upande wangu unavyoweza. Nakuja."

Angeweza kuificha ile chupa moja kwenye kikapu, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakufanya hivyo. Jioni tatu alimpa Teddy maziwa kwa kikombe, akambeba mgongoni, akatembea naye uani huku akimwimbia kwa Kipogoro. Ya kwanza mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka, na Mariana, yule wa utani, akaja kupokezana mgongo. Ya pili alilia kidogo. Ya tatu alilala kabla maziwa hayajaisha.

Alhamisi walivuka daraja. Shambani Serafina alikuta kona nzima ya mashariki imeliwa, masuke yamesimama matupu. Fulgensi alikuwa akimsubiri chini ya dungu, mikono kiunoni.

"Ona, shemeji. Siku tatu tu."

"Naona. Hiyo kona ni ada ya Teddy. Nipokee mtoto nipande."

Ile kona haikurudi. Sehemu iliyobaki aliilinda mpaka mavuno, na Teddy hakuharisha hata siku moja.

Likizo ya Juni Devota alikuja moja kwa moja shambani. Begani alikuwa na mfuko, na ndani yake chupa mpya ya maziwa aliyomnunulia mwanawe. Teddy aliigeuza geuza, akaigonga kwenye ubao wa dungu, akaitupa majini.

"Mama! Haitaki?"

"Haijui." Serafina akampa binti yake kikombe cha bati. "Mkalishe wima. Gusisha tu. Usimmiminie."

Devota alikaa, akagusisha, akasubiri mtoto avute.