Karatasi ya Kumi na Saba

Pale Iloilo, mji wa Ufilipino, jengo halipati kibali mpaka kila ramani ipate mwenyewe: wa umeme asaini ya umeme, wa mitambo ya mitambo, wa maji ya mabomba. Akishasaini anabana muhuri wake wa chuma, karatasi inavimba alama pasipo wino, na tangu hapo likizuka la kuzuka anaitwa yeye. Katika ofisi ya Bi Wilfreda Jalbuena mtu wa maji alikuwa Injinia Anacleto Gumban, Baba Cleto kwa wenzake, mwenye miaka sabini na miwili, na ubaya wake ulikuwa mmoja tu: alisoma.

Alisoma kwa kidole. Aliingia na maji kwenye tangi la juu, akashuka nayo ghorofa kwa ghorofa, akapinda yalipopinda, akatoka nayo chooni mpaka chemba ya barabarani. Asipofika, ramani inarudi kwa mchoraji. Hoteli moja ya ghorofa sita ilimla siku nne. Wachoraji walimwita Konokono, tena mbele ya uso wake, naye akacheka nao, maana hakuwa mtu wa kununa.

Aliyesalimika na kidole hicho ni Rodel Palmes peke yake. Rodel alifundwa na mzee mwenyewe miaka tisa, akala mezani kwake. "Mkono wa Rodel ni mkono wangu," mzee alikuwa akisema, na ramani za Rodel alizipitisha bila kuzisoma.

Mwaka ule Rodel alifaulu mtihani wa bodi ya mainjinia, akapata leseni na muhuri wake mpya unaong'aa. Lakini kiti cha maji pale ofisini kilikuwa kimoja. Alipokwenda kukiulizia, Bi Wilfreda alimjibu, "Baba Cleto ataondoka akichoka, au akikosea. Asiyekosea simfukuzi."

Wiki mbili baadaye, siku ya Ijumaa saa tisa alasiri, Rodel alimtandikia mzee ramani za zahanati, karatasi ishirini na mbili.

"Baba, ofisi ya jiji inafunga saa kumi na moja. Zinatakiwa leo."

"Niachie mpaka Jumatatu, mwanangu."

"Jumatatu mteja kashakwenda kwa wengine. Kwani Baba, tangu lini mimi unanikagua?"

"Mwache Konokono," Marivic, mchoraji wa umeme, alidakia toka mezani kwake. "Ndiyo kwanza anatafuta mlango wa kuingilia!"

Ofisi ikacheka. Mzee aliweka kidole kwenye karatasi ya kwanza, kikaenda kidogo, kikasita. Akainua macho akamtazama Rodel, akamwona amechoka, shati limeloa jasho. Akamhurumia. Akasaini na kubana, karatasi moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho.

Rodel hakwenda ofisi ya jiji. Alingoja wenzake wakusanyike na mabakuli yao ya supu ya tambi, akaitandaza karatasi ya kumi na saba katikati ya meza.

"Jamani, sogeeni niwatembeze na maji. Huyu mgonjwa katoka chooni, kavuta. Maji yanashuka hapa, yanapinda hapa, halafu tazameni." Akagonga karatasi. "Tangi la kunywa! Karibuni, wagonjwa, kunyweni!"

Marivic alipaliwa na supu. Mwingine akapiga meza kwa kicheko mpaka bakuli likamwagika.

"Umechora wewe," mzee akasema polepole.

"Nimechora mimi, makusudi. Nani kabana?"

"Ningekuwa sikujui, ningeliona."

"Ndiyo hapo, Baba. Mabomba hayapitishwi kwa kujuana."

Neno hilo mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Bi Wilfreda, aliyetolewa chumbani kwake na kelele zile, aliisoma karatasi mara mbili.

"Rodel, huu ni ushenzi," akasema. "Jumatatu uhamie meza yake."

Siku ya kumuaga wakampikia tambi ndefu za kumtakia maisha marefu. Wakampa zawadi kubwa iliyofungwa kwa utepe: karatasi ya kumi na saba ndani ya fremu ya kioo, pale mabomba yalipoungana pamezungushiwa wino mwekundu, na chini pameandikwa, "Kwa Baba Cleto, aliyetufundisha kusoma." Alicheka pamoja nao, akawashukuru mmoja mmoja. Rodel akamshika kiwiko kumteremsha ngazi.

Nyumbani mkewe, Salvacion, aliipokea akashika kifua. Ramani hajui kuzisoma, ila miaka thelathini na nane alikuwa akingoja ofisi ile imkumbuke mumewe. Aliiteremsha picha ya harusi yao, akaitundika fremu mahali pake.

"Na hapa pekundu? Ndipo walipopasifu zaidi?"

"Ndipo," Anacleto akasema.

"Zahanati yenyewe iko wapi, tukaione?"

"Bado hawajaanza kuijenga."

Jumapili Salvacion aliwaita majirani waje kuiona. Mmoja wao, Teofilo, ni fundi bomba. Alisimama mbele ya fremu, akayafuata mabomba kwa macho mpaka penye wino mwekundu, akageuka akamtazama Anacleto, na Anacleto akatazama sakafu.

"Mbao nzuri hii, mama," Teofilo akamwambia Salvacion, akaomba ruhusa ya kwenda zake.