Vikopo vya Mokeira

Katika vilima vya Ikonge, mwanzoni mwa miaka ya sabini, hapakuwa na mwanamke aliyeheshimiwa na kuogopwa kwa wakati mmoja kama Mokeira, mjane wa Onsongo. Aliheshimiwa kwa kuwa aliwaongoza akina mama wa Sabato katika maombi. Aliogopwa kwa ajili ya vituko vyake. Karani wa kituo cha kununulia majani chai aliwahi kuyakataa majani yake kwa kisingizio kwamba yamekomaa. Sabato iliyofuata akajikuta akiombewa kwa jina, mbele ya kanisa zima, ili Bwana amrudishie nuru ya macho. Tangu siku hiyo majani ya Mokeira hayakukomaa tena.

Wakati huo ilifika kutoka Nairobi taasisi ya utafiti wa magonjwa ya watoto, ikapiga kambi nyuma ya soko. Wataalamu wake walitaka kujua minyoo iliyowasumbua watoto wa kilima hicho ni ya aina gani, na wale watakaopatikana nayo wapewe dawa. Basi kila mama alikabidhiwa kikopo cha bati chenye kifuniko na jina la mwanawe, akaelezwa kwa adabu kubwa kile alichotakiwa kukirudisha ndani yake.

Wasomi hao hawakujua wameomba nini. Mama wa Kigusii alizika nywele za mwanawe na kuzificha kucha zake. Sembuse kile kilichotoka tumboni? Kikiangukia mikononi mwa mrogi, mtoto amekwisha. Na wageni hawa walivipakia vikopo kwenye Landrova na kwenda navyo kusikojulikana. Kukataa nako kulikuwa kugumu, maana chifu alikwisha kutoa amri.

Akina mama wakamwendea Mokeira. Aliwasikiliza, akasonya, kisha akamwita mjukuu wake Nyanchama, binti wa mashavu mazito aliyekuwa akiishi naye. Miezi michache kabla, Nyanchama alikuwa amemeza kifungo cha koti la mchungaji, naye akapelekwa hospitali ya misheni, ambako alinyweshwa dawa iliyokitoa kifungo pamoja na kila kilichokuwa jirani yake. Mtoto huyo alipenda mapera kuliko chakula chochote, na tumbo lake lilikuwa aminifu kama kengele ya shule.

Mokeira aliwafafanulia akina mama hoja yake. Mrogi huhitaji jina la mtu na kitu cha mtu huyo huyo. Vikopo vikibeba majina ya watoto wao na mali ya Nyanchama, mrogi atabaki akihangaika bila kumpata yeyote. Akina mama wakaona hekima hiyo haina ufa, wakamwachia vikopo vyote. Dhamiri ilipomchoma kidogo, Mokeira alipekua Maandiko akamtafuta mwanamke mcha Mungu aliyedanganya kwa ajili ya watoto. Alimpata mmoja, akampata na wa pili, akalifunga Neno kabla hajafika penye karipio.

Siku nyingi hazikupita, chifu akaita baraza. Daktari mkuu alisimama akatangaza kwa mshangao kwamba tangu aanze kazi hajapata kuona watoto wenye matumbo safi namna ile, na kwamba kambi itahamia Suneka, ambako huenda dawa ikapata wa kuinywa. Watu wakapiga makofi. Mokeira alipiga kwa nguvu kuwashinda wote, mpaka macho yake yalipomwangukia mkwewe Drusilla, aliyekuwa hapigi.

Drusilla alikuwa amempakata mwanawe Makori. Tangu masika tumbo la mtoto huyo lilikuwa limevimba likang'aa, na miguu yake ikakonda kama vijiti. Baada ya baraza Drusilla alimpeleka kwa daktari. Daktari alimbonyeza, akayatazama majibu ya kikopo, akakunja uso. Alisema kwamba kwa kuwa hana minyoo, ndani ya tumbo hilo mna uvimbe. Jumatatu Landrova itamchukua hadi Nairobi, apasuliwe.

Drusilla alirudi nyumbani akilia. Yeye pia kikopo chake alikuwa amekiacha mikononi mwa mama mkwe, lakini hakumlaumu kwa neno hata moja, na ukimya huo ulimuuma Mokeira kuliko matusi. Asubuhi ya Jumapili alijifunga leso, akashika njia ya kambini.

Aliyemtafuta ni Angwenyi, mtu wa hadubini, mzaliwa wa upande wa Keroka. Alimkuta peke yake akifungasha vyombo. Lakini alipoketi mbele yake, ulimi ukakwama. Angwenyi alikuwa wa makamo ya wanawe wa kuzaa, na kati ya mama na mwana kwa Wagusii imewekwa *chinsoni*, ile haya inayokataza mambo ya mwili yasitajwe kabisa. Mokeira aliongea juu ya mvua. Angwenyi akaongea juu ya barabara. Wakarudi kwenye mvua. Ilionekana wazi kwamba yeye naye ana neno lililomkaa kooni, na kwamba haya ile ile imemziba mdomo.

Mwishowe Angwenyi akakohoa. "Mama, hivi kwenu ulikozaliwa ni wapi?"

"Ng'ambo ya mto. Kwa Ratemo."

"Ratemo ndugu yake Ombati?"

"Ombati alikuwa baba yangu mkubwa. Unamjuaje?"

"Mama aliyemzaa mama yangu ni binti wa Ombati."

Mokeira akamtazama upya, kuanzia viatu hadi utosini, na uso wake ukachanua. Binti wa Ombati alikuwa dada yake. Basi huyu hakuwa mwana. Alikuwa mjukuu, na kati ya bibi na mjukuu hakuna haya yoyote, ni utani mtupu.

"Kumbe ni mume wangu," akasema. "Na mbona wameniletea mwenye masikio makubwa hivi?"

"Ni ya kukusikiliza, magokoro," alijibu Angwenyi, akimwita bibi kwa lugha ya nyumbani. "Sasa naweza kukuuliza?"

"Uliza, ukoo umeruhusu."

"Watoto wote wa kilima hiki hula mapera?"

"Watoto hupenda mapera."

"Hata yule wa miezi mitatu?"

Mokeira alicheka hadi leso ikamfunguka. Angwenyi naye akacheka, kwa maana alikuwa amekaa siku kadhaa na siri ya mbegu za mapera alizozikuta katika kila kikopo, bila kuwa na wa kumwambia. Kisha kicheko cha bibi kikakatika katikati.

"Vyote ni vya Nyanchama," alisema. "Hata cha Makori. Nami kwa ujanja wangu nimemlaza mjukuu wangu chini ya kisu."

Angwenyi hakumkemea. Alimwomba alete kikopo cha kweli siku hiyo hiyo. Mokeira akakubali, ila kwa sharti: kitu chenyewe kisitoke kilimani, wala kisipite mikono mingine, na kikishatazamwa kichomwe moto mbele ya macho yake. Angwenyi alisema hata mama yake angedai vivyo hivyo, akatoka kuwasha moto.

Kikopo kilipofika, kilitazamwa. Angwenyi alisogea kando akamwachia bibi hadubini. Mokeira alifumba jicho moja, akainama, akayaona mayai ya minyoo, ya hudhurungi, yenye kingo zenye vinundu, yamejaa kama mtama uliomwagwa. Akauliza kama ndani ya mtoto mdogo vile kweli mnaweza kukaa kijiji kizima. Angwenyi akamwambia kwamba mnaweza, na kwamba kijiji hicho huhama kwa dawa.

Makori alinyweshwa dawa jioni. Yaliyotoka kesho yake Drusilla alimhesabia Mokeira kwa kunong'ona, naye bibi akayazika mwenyewe. Landrova ilipokuja kumchukua mtoto, ilimkuta amekaa mlangoni akidai ndizi ya pili. Daktari mkuu alipoelezwa mambo yote aliagiza majibu yote ya kilima yatupwe na kazi ianze upya. Suneka ingoje. Moto uwashwe kila asubuhi nyuma ya banda, na kila mama asimame hapo hadi chake kiteketee. Wakaja, kila mmoja na kikopo chake, na watoto wachache mno walikutwa safi.

Sabato iliyofuata Mokeira alisimama kutoa ushuhuda. Alimshukuru Mwenyezi Mungu kwa sauti kuu, kwa kuwa Amelitazama tumbo la Makori na kulifungua. Akina mama waliinamisha vichwa, mabega yakiwatikisika. Kuhusu sehemu nyingine ya habari hakusema lolote, kwa kuwa, kama alivyomweleza Drusilla walipokuwa wakirudi nyumbani, Mungu alikuwapo tangu mwanzo na hakuhitaji kukumbushwa. Na karani wa majani chai, aliyekuwa ameketi benchi la mbele, hakustahili kujua.