Hotuba ya Kisogo

Nikifumba macho bado naliona vumbi la Kishapu likielea mchana, na ng'ombe wa mama mkwe wangu wakipita ndani yake polepole, mbavu nje, kama wanaota. Wanne walikuwa wameshakufa. Tisa waliobaki walikunywa kwenye kisima kilichozungukwa na pori, na pori lile lilijaa mbung'o, inzi waliowaletea ugonjwa.

Mimi nilikuwa mtu wa Shinyanga mjini, kanzu safi, ulimi mwepesi. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini kuwaeleza watu habari za mbung'o: ni mdudu gani, anakaa wapi, anaondolewaje. Watu wakielewa, wanafyeka pori pamoja. Wasipoelewa, ng'ombe wanakwisha. Nilijiona bingwa, Mungu anisamehe.

Siku ya zamu ya kijiji cha mke wangu nilisimama, nikakohoa, nikasema, "Ndugu zangu, nitazameni vizuri!" Lo! Kumbe mama mkwe amekaa mbele kabisa. Kwa Wasukuma, mkwe hatazamani na mama mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Mama mkwe akajifunika kaniki yake, akaondoka. Kina mama wote wakamfuata ili asione haya peke yake. Wazee nao wakatawanyika. Nikabaki na jua. Masikio yaliniwaka kwa aibu, lakini hofu ilizidi: wale tisa wangekufa kwa sababu ya uso wangu.

Baada ya wiki niliwaita tena, safari hii kisimani, nikawapa kisogo. Naam, nililihutubia pori! Nikanyoosha fimbo. "Pale kwenye kivuli ndipo anapopumzika. Hawezi kuvumilia jua kali. Ukiondoa kivuli umembomolea nyumba."

Nikatwaa shoka, nikakata kichaka kimoja karibu kabisa na ardhi, nikieleza kila pigo. Nyuma yangu kimya. Joto lilitetemeka juu ya miiba, sauti yangu ikawa kama ya mtu mwingine anayeongea usingizini. Nikawaza, wameshaondoka hawa, nahubiria miti, mjinga mimi.

Ndipo nikasikia shoka la pili. Lilipiga taratibu, kwa mkono uliozoea kazi, upande wangu wa kushoto. Nikaona pindo la kaniki, nikayarudisha macho mbele upesi. Kisha mashoka yakawa mengi, na vigelegele.

Jioni mke wangu alikuja akicheka hadi machozi. "Mama anasema kisogo chako kina akili kuliko uso wako."

Wale tisa walipona kiangazi kile. Mvua ziliponyesha, nilipita tena njia ya kisimani nikakuta kibuyu cha maziwa katikati ya njia, bado yana joto. Nikainua macho. Kichaka cha kujifichia hakikuwepo tena, tulikuwa tumekifyeka sisi wenyewe. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama kwenye uwanda mtupu, amenigeuzia kisogo, akingoja ninywe.