Kiingereza cha Swali Moja

Kaka yangu alichukuliwa kupiga kafi katika msafara wa Mwingereza aliyekuwa akiteremka na mto, naye alikwenda kwa furaha utadhani anakwenda harusini. Siku hiyo nilikuwa nimemnunia. Alikuwa ameniahidi kunijengea kighala cha mpunga, hakukijenga, basi sikumsindikiza hata hadi majini. Hilo linaniuma mpaka leo. Hatukuwa na mama wala baba; tulilelewa wawili katika nyumba ya mfanyabiashara wa pwani hapa Kindu, na alipoondoka yeye, sikubaki na ndugu.

Baadhi ya wenzake waliporudi, kila mmoja alikuja na habari yake. Wa kwanza alisema kaka ameoa huko chini. Wa pili alisema amezama kwenye maporomoko. Wa tatu, mtu wa Kibombo mwenye maneno mengi, alisema amemwona kwa macho yake akienda baharini, kisha akaomba wali. Nikampa. Alipokwisha kula akasema, labda hakuwa yeye. Loo! Nilitamani kumtapisha. Hapo nikaapa kwamba nitamwuliza mzungu mwenyewe. Wazungu waliandika kitabuni habari za watu wao wote, nani amekufa, nani ametoroka, nani amebaki njiani. Na mzungu mwingine angepita tu, maana njia ilikuwa ni mto huo huo.

Aliyejua Kiingereza hapa kwetu alikuwa mwanamke mmoja tu. Alikulia pwani, jikoni kwa bibi wa Kiingereza, akaletwa bara na mumewe. Nilimwita somo. Mashamba yetu ya mpunga yalipakana upande wa Mikelenge, basi nikawa nampalilia lake ili anifundishe.

Somo alikuwa na njia yake. Hakunipa neno hata moja nikiwa nimekaa. Alinituma, yote kwa Kiingereza: leta maji, ongeza kuni, funga mlango. Nikikosea aliangua kicheko, akaniacha nimesimama na kuni mkononi kama mjinga.

"Ndivyo nilivyojifunza mimi," alisema. "Neno nililolikimbilia na ndoo kichwani sijalisahau."

Mimi niliona ananipotezea siku zangu. Nilikuwa nimesoma Kurani chuoni utotoni, najua kitu kinavyoingia kichwani: ubao, wino, sauti, basi. Nikamwambia anipe swali langu moja tu. Nikaliandika ubaoni kwa herufi za Kiarabu, nikalitia mahadhi, nikawa nayumba mbele na nyuma nikilisoma: weya izi mai braza, weya izi mai braza, kaka yangu yuko wapi. Kisha nikauosha ubao na kuyanywa yale maji ya wino, ili swali linikae mwilini lisitoke.

Somo alishika kiuno. "We mwanamke we! Hiyo si sura, hiyo ni lugha. Utauliza, haya. Na ukijibiwa?"

"Nikijibiwa nitasikia. Mimi sikukuja kwako kuulizwa. Nilikuja juu ya kuuliza."

"Ngoja basi nikuulize kidogo, unijibu."

"Sitaki."

Alijaribu mara nyingi, nami kila mara nikakaza shingo. Mvua zilizofuata alihamia Kasongo na mumewe, nikabaki na swali langu. Nililisoma nikipura mpunga, nililisoma nikichota maji. Nililipenda jamani. Kila nikilisema nilimwona kaka akigeuka.

Mzungu akaja kiangazi, akitokea chini, na mitumbwi minne. Watu wake wote walikuwa wageni, hakuna hata mmoja aliyejua Kiswahili. Ndizi walinunua kwa kuonyesha vidole. Nilifika majini mbio, tope magotini.

"Huyu mama iko na nini?" watu waliulizana. "Anataka nini kwa muzungu?"

Sikuwajali. Nikasimama mbele yake, nikafumba macho, nikalisoma swali langu kwa mahadhi yake yote, mara tatu.

Mzungu hakucheka, na hilo namshukuru. Alinitazama, akaketi juu ya sanduku, akatoa kitabu na kalamu, akakifunua, akasema maneno machache. Nikasema, ndiyo hii, habari ya kaka yangu inatoka kitabuni. Lakini sikuelewa hata neno. Akarudia polepole. Akarudia tena kwa sauti, kalamu mkononi, akinitazama mdomo. Nami, kwa adabu, nikainamisha kichwa nikasema "tenki", maana somo alikuwa amenifundisha neno hilo la asante. Akangoja kidogo, kisha akafunga kitabu. Mitumbwi ikaondoka.

Nilirudi nyumbani bila kumwitikia mtu yeyote, nisije nikamwaga sauti zile njiani. Nikachukua ubao, nikaziandika zote kama nilivyozisikia, nikazihifadhi kama nilivyozoea. Ubao huo sikuuosha. Miaka ikapita. Kila aliyetoka pwani nilimsomea, wakatikisa vichwa. Wakaja wazungu wengine, wenye askari, na hao lugha yao ilikuwa nyingine kabisa. Siku nikiamka vizuri, maneno yale yaliniambia kaka yu hai. Nikiamka vibaya, yaliniambia amekufa. Nilimtamani mno, nilitamani hata ugomvi wake na ahadi zake za uongo.

Halafu akaja fundi mmoja wa kushona kanzu, aliyewahi kufanya kazi katika meli ya Waingereza. Nikaenda kuketi barazani kwake, nikamsomea. Aliacha sindano katikati ya mshono.

"Rudia, mama."

Nikarudia.

"Nani alikwambia maneno haya?"

Nikamweleza yote: kaka, swali langu, kitabu, kalamu, namna yule mzungu alivyoyasema mara tatu na namna nilivyomshukuru. Fundi akainamia kitambaa chake, hakunitazama.

"Sema tu," nikamwambia. "Iko muzima ao alikufa?"

"Mama, yule mzungu hakukujibu. Alikuuliza. Alisema: jina lake nani?"

Jina! Jina la ndugu yangu, ambalo ningelitamka usingizini, na mtu ameshika kalamu analingoja, nami namwambia asante. Nikalitaja pale pale barazani. Nikalitaja tena kwa sauti kubwa, na tena, hata fundi akainuka akaenda kunitafutia maji ya kunywa.