Bibi Kaliona Joka Langu!

Jamani, siri yangu imefichuka leo na sijawahi kufurahi hivi!

Mwaka mzima namficha Bibi tatuu ya joka mkononi. Kila nikija kwake Mahurunga navaa mikono mirefu, jua liwake lisiwake. Mama alishasema, "Siku Bibi akiiona, mimi simo."

Leo tunamenya mihogo, joto limenizidi, nikapandisha mkono wa gauni bila kufikiri.

Bibi akaukazia macho mkono wangu.

"Nini hicho?"

"Joka, Bibi."

"Maana yake?"

Nikajikaza. "Ujasiri."

Nikasubiri kutukanwa. Bibi akaweka kisu chini, akapandisha blauzi.

Tumboni ana mjusi! Mjusi mzima wa chale! Mimi miaka yote najua ana chale za usoni tu.

"Huyu nilichanjwa kwa wembe nikiwa msichana, ng'ambo ya Ruvuma. Sikutoa hata chozi."

Akaligusa joka langu, akacheka mpaka akakohoa.

"Sasa ujasiri gani huo wa kuvalishwa mikono mirefu?"

Mikono ya gauni nimeikata palepale, kwa kisu cha mihogo.

Nyie, bibi zenu wamechanjwa nini? Kaulizeni!

Na Mama, najua unasoma. Njoo umwone mjusi wa mama yako.