Leitu, mpima chumvi asiyeogopa faini ya Jumapili

Saa kumi na moja alfajiri ya Jumapili, moshi wa majoko ya mawe umeshatanda juu ya kijiji hiki cha kaskazini mwa kisiwa cha Savai'i, nchini Samoa. Leitu Vaelua, mhudumu wa afya mwenye umri wa miaka hamsini na minne, anaingia jikoni kwa watu bila hodi, anafunua sufuria na kuchota mchuzi kwa kijiko alichokuja nacho.

"Mama Leitu, leo si siku ya kazi," analalamika Fuatino, binti wa nyumba hiyo. "Mchungaji akikuona je?"

"Akiniona nitamwonjesha. Nyama hii ya ndoo uliiloweka kwanza itoke chumvi?"

Fuatino anaangalia pembeni.

"Basi nimeshajibiwa."

Kazi ya Leitu ni kuwapima wagonjwa wa figo ili kujua kiasi cha chumvi wanachokula. Huanza na maswali machache, na anayetiliwa shaka hukusanya mkojo wake wa siku nzima. Baba yake Fuatino, Tuiloma, mwenyekiti wa baraza la machifu, aliulizwa kama huongeza chumvi mezani, akasema hapana. Hakudanganya, maana nyumbani kwake hakuna hata kikopo cha chumvi. Mkojo wake ukasema mengine kabisa.

"Huku nani anaongeza chumvi mezani?" anasema Leitu. "Chumvi yetu inaingia na ndoo ya nyama ya chumvi inayogawiwa msibani. Chifu anapewa ndoo nzima, na kuikataa ni kumtukana marehemu. Halafu Jumapili mzee anapewa mchuzi wa kwanza, ule mzito, eti heshima. Heshima gani hiyo inayoua mtu?"

Figo za Tuiloma ziko ukingoni. Zikigoma, itabidi ahamie mji wa Apia, kwenye kisiwa cha pili, kwenye mashine ya kusafisha damu. Mzee ameapa kwamba heri afe kuliko kukihama kiti chake barazani.

Ndiyo maana Leitu huzunguka Jumapili, siku ambayo sufuria husema kweli. Lakini kufanya kazi Jumapili kijijini hapa ni kosa. Mwezi uliopita baraza lilimtoza faini, na faini ya huku inajulikana: katoni kumi za samaki wa kopo, machifu wagawane. Mshahara wake wa wiki mbili haufiki huko.

Siku ya kulipa alifika akivuta nguruwe kwa kamba.

"Tulisema samaki," Tuiloma akamwambia.

"Nilisikia, mheshimiwa. Samaki wa kopo ni chumvi tupu, na watatu kati yenu hapa ni wagonjwa wangu. Siwezi kuwalisha kitu ninachowakataza."

"Asiyelipa alichoambiwa anafukuzwa kijijini. Unalijua hilo?"

"Nalijua. Na nikilipa hizo katoni, wewe utahamia Apia. Basi tupande feri pamoja, nikubebee mkeka."

Chifu mmoja akakohoa kuficha kicheko. Tuiloma akauliza kama nguruwe amenona. Nguruwe akapokelewa, ila onyo likabaki kwamba Leitu akirudia atatozwa tena.

Amerudia. Ndiyo hivi leo yuko jikoni kwa mwenyekiti mwenyewe.

"Mwaga huo mchuzi," anamwambia Fuatino. "Chemsha nyama upya kwa maji matupu, na ya mzee iwe vipande viwili."

"Atanigombeza."

Sauti ya Tuiloma inatoka chumba cha pili, nzito kwa usingizi. "Mwaga, mwanangu, tupate amani. Na wewe Leitu, kesho ufike barazani. Umefanya kazi Jumapili."

"Nitafika, mheshimiwa."

Anachokitaka Leitu ni baraza litangaze kuwa msibani mgonjwa wa figo apewe fungu la majimbi na samaki wabichi, na asionekane ameivunjia heshima familia. Ameshaomba mara mbili, akakataliwa mara mbili. "Kesho naomba tena, nikiwa pale pale nalipa faini," anasema.

Baadaye, nyuma ya nyumba yake, anatupa maganda ya majimbi zizini, na nguruwe wawili wanayakimbilia. Anamnyooshea kidole nguruwe mkubwa, akimwonyesha mwandishi wa makala haya.

"Huyu wa kesho," anasema. "Yule mdogo ni wa Jumapili ijayo."